Nuru Ipi kwa Maabara ya Mafunzo Sumbawanga?

Leza zimeshuka bei. Kifaa ambacho zamani kilionekana katika maabara chache za vyuo vikuu, leo kinapatikana kwa mchuuzi wa vifaa vya umeme, kikiwa na umbo la kalamu na betri zake ndani, na chuo cha afya chenye bajeti finyu kinaweza kukinunua bila kumsubiri mfadhili. Ndiyo maana wazo la kuunda kipimo cha himoglobini kwa leza, kihisi nuru na mita ya volti linawavutia walimu wa maabara walio mbali na miji mikubwa. Katika mji kama Sumbawanga, ambako fundi wa mashine za maabara mara nyingi husubiriwa kutoka mbali, chombo ambacho mwalimu anaweza kukiunda, kukifungua na kukitengeneza mwenyewe kina thamani isiyoonekana kwenye orodha ya bei. Wazo hilo ni jema. Linaloliharibu ni swali linaloulizwa kwanza: leza ya rangi ipi ni rahisi kuliko nyingine?

Bei ya leza haikupangwa na mahitaji ya tiba. Rangi ya leza hutajwa kwa urefu wa wimbi lake, nao hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Leza ya nanomita 780, ambayo jicho huiona kwa shida sana, ilishuka bei kwa sababu ya CD za muziki. Nyekundu ya 650 ilishuka kwa sababu ya DVD za filamu, na zambarau ya 405 kwa sababu ya Blu-ray. Viwanda vilizitengeneza kwa mamilioni, na ziada yake ikaingia katika kalamu za kuelekezea ubaoni na vitu vya kuchezea watoto. Anayeinunua leza nyekundu ili apime damu anatumia masalia ya biashara ya filamu. Hapana ubaya wowote katika hilo, mradi akumbuke kwamba aliyeitengeneza hakuwa akiifikiria damu.

Damu ina mapenzi yake. Katika njia ya kipimo ambayo kwa miongo mingi imekuwa msingi wa kusanifisha vipimo vya himoglobini duniani, mikrolita 20 za damu huzimuliwa katika mililita 5 za kimiminika cha Drabkin. Chembe nyekundu hupasuka, himoglobini hubadilika na kushikamana na sianidi, na mchanganyiko huo hufyonza nuru kwa wingi kwenye nanomita 540, ambayo ni kijani. Kadiri himoglobini ilivyo nyingi, ndivyo nuru ya kijani inavyopungua kufika upande wa pili. Nuru nyekundu ya 650 hupita karibu yote, awe mwenye damu hiyo amepungukiwa au ana damu ya kutosha. Ndiyo sababu yenyewe damu ikaonekana nyekundu: rangi hiyo haiitaki, inaiachia ipite. Mwanafunzi aliyepewa leza nyekundu na kuambiwa apime himoglobini kwa njia hii atapata tarakimu, kwa kuwa mita haikosi kutoa tarakimu, lakini hazitamwambia lolote kuhusu mgonjwa.

Zambarau ya 405 ina kosa lililo kinyume chake. Iko karibu na mahali ambapo himoglobini hufyonza nuru kupita kiasi, hivyo damu iliyozimuliwa kwa kipimo cha kawaida huizuia karibu yote, na kosa dogo la mkono katika kuzimua hugeuka kosa kubwa la jibu. Zaidi ya hayo, nuru hiyo huifanya karatasi nyeupe, na plastiki nyingi za bei nafuu, zing'ae kwa rangi nyingine, na kihisi nuru hakina uwezo wa kutofautisha mng'ao huo na nuru iliyopita katika damu.

Inabaki kijani. Kwa kipimo cha urefu wa wimbi peke yake, wanaoichagua leza ya kijani ya 532 hawajakosea. Tofauti ya nanomita 8 kutoka 540 si kitu kikubwa, kwa sababu kilele cha ufyonzaji wa mchanganyiko wa Drabkin ni kipana kama mgongo wa kilima cha Ufipa, si chembamba kama ncha ya mkuki. Wanaotaka kuiepuka sianidi wakatumia sodiamu lauri salfeti watakuta kilele chao kiko hapo hapo karibu na 540. Kama hoja ingekuwa rangi tu, makala haya yangeishia hapa.

Lakini leza ya kijani ya bei nafuu haitoi kijani moja kwa moja. Ndani ya kalamu ile kuna diodi inayotoa miale ya infraredi ya nanomita 808, isiyoonekana. Miale hiyo hukichochea kipande kidogo cha fuwele chenye madini ya neodimiamu, nacho hutoa miale mingine ya infraredi ya 1064. Fuwele ya pili huikata 1064 katikati, na hapo ndipo 532 hupatikana. Mnyororo wote huo unategemea ile 808 ilingane na kile ambacho fuwele ya kwanza inakitaka, na wimbi la diodi husogea kwa takriban nanomita 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Diodi ikipoa sana, fuwele hainywi tena kile inachonyweshwa. Kijani hufifia, na pengine huzimika kabisa hadi kalamu ipate joto la kiganja.

Hapa ndipo Ufipa inapoingia katika hesabu. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huko si za kuchezea. Kalamu iliyojaribiwa kwenye joto la Dar es Salaam ikaonekana haina kasoro inaweza kuanza kipindi cha saa mbili asubuhi ikiwa hafifu, ikapata nguvu jua linapoingia dirishani, kisha ikayumba kila mlango unapofunguliwa. Wimbi lake halibadiliki; 532 hubaki 532. Kinachobadilika ni wingi wa nuru, na kipimo chote cha himoglobini kimejengwa juu ya dhana kwamba wingi huo ni ule ule tangu chupa tupu ilipowekwa hadi sampuli ya mwisho. Betri nazo zina sehemu yao, kwa kuwa kalamu iliyowashwa mfululizo kwa nusu saa huanza na volti nyingine na kumaliza na nyingine.

Ukubwa wa hasara hiyo unaweza kukokotolewa kwa penseli. Kwa mgawo wa uzimuaji uliotajwa, yaani sehemu 1 ya damu katika sehemu 251, himoglobini ya gramu 15 kwa desilita hutoa ufyonzaji wa takriban 0.41, maana yake nuru inayofika upande wa pili ni kama asilimia 39 ya ile iliyoingia. Nuru ya leza ikipungua kwa asilimia 5 tu baada ya mita kusawazishwa, mita itadhani ni damu iliyoimeza. Ufyonzaji utaongezeka kwa 0.022, na jibu litapanda kwa gramu 0.8 kwa desilita. Asilimia 5 si nyingi. Jicho haliioni kabisa.

Msomaji na amfikirie mama mjamzito mwenye gramu 10.5. Katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho ya ujauzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 11 kuwa upungufu wa damu. Chombo kilichodhoofika kwa asilimia 5 kitamsoma 11.3, na mama huyo atarudi nyumbani akiwa ameambiwa damu yake inatosha. Na betri inayoisha haikosei mara huku mara kule: hukosea upande mmoja daima, upande wa kumhesabu mgonjwa kuwa mzima. Itasemwa kwamba chombo cha kufundishia hakipimi wagonjwa. Ni kweli, lakini mwanafunzi hujifunza kuiamini tarakimu kabla hajajifunza kuitilia shaka, na mwaka unaofuata yeye ndiye aliye zamu katika kituo cha afya cha Muze au Kirando.

Kwenye uwanda wa juu lipo jambo jingine linaloifanya gramu 0.8 kuwa nzito kuliko ingekuwa Tanga. Hewa ya mwinuko ina oksijeni pungufu, na mwili hujibu kwa kutengeneza himoglobini zaidi. Kwa hiyo mtu wa Sumbawanga hawezi kupimwa kwa kikomo kile kile cha mtu wa pwani bila sahihisho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 ulitaka gramu 0.5 zipunguzwe katika jibu kwa anayeishi mita 1,500, na 0.8 kwa anayeishi mita 2,000. Mwongozo wa 2024 umeyapandisha masahihisho hayo. Mkoa wa Rukwa una watu wa pande zote mbili. Walio juu wanaishi karibu mita 1,800, na walio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika wanaishi chini ya mita 800, kukiwa na safari ya saa chache tu kati yao, na huko chini malaria huinywa damu zaidi. Mahali pachache nchini pangefaa kuliko hapa kumfundisha mwanafunzi kwa nini jibu moja lina maana mbili. Somo hilo zuri haliwezi kufundishwa kwa chombo ambacho kuyumba kwake ni sawa na sahihisho zima.

Kuna pia macho. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, walieleza kuhusu kalamu ya kijani ya bei ndogo ambayo kijani chake kilikuwa hafifu, lakini ilikuwa ikivujisha miale ya infraredi yenye nguvu ya karibu miliwati 20, kwa sababu mtengenezaji hakuweka kichujio cha kuizuia. Mwaka 2013 taasisi hiyo hiyo iliripoti kupima kalamu 122. Karibu asilimia 90 ya za kijani na takriban asilimia 44 ya zile nyekundu hazikutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo, ambayo huruhusu miliwati 5 tu. Jicho hujikinga na nuru kali kwa kupepesa, lakini halipepesi kwa kile lisichokiona. Kadhalika kihisi nuru cha silikoni huiona infraredi vizuri sana, hivyo miale hiyo inayovuja hupita katika damu karibu bila kizuizi na kuharibu kipimo hata kabla haijamdhuru mtu. Retina iliyoungua haina tiba Sumbawanga, wala haina tiba London. Chuo kinachowapa vijana thelathini kalamu thelathini zisizojulikana nguvu zake kinacheza kamari kwa macho yasiyo yake.

Basi itumike nini? Kwa kipimo cha himoglobini, jibu linaloelekea kuwa sahihi kuliko yote halina leza kabisa. Ni taa ndogo ya LED ya kijani, ile ambayo fundi redio yeyote anaijua, ikiwa na chanzo cha umeme kinachodhibiti mkondo, na kihisi cha pili kinachoitazama taa yenyewe ili kila kuyumba kuonekane na kuondolewa katika hesabu. Nuru yake haiko kwenye mstari mmoja, imeenea kwa upana wa nanomita 30 hivi, na wapenzi wa leza huishikilia hoja hiyo. Wana haki kidogo. Kanuni ya Beer na Lambert inadai nuru ya wimbi moja, na kwa taa ya LED mwanafunzi hawezi kuchukua namba ya kitabuni akaikokotoa. Itambidi achore mstari wa ulinganisho kwa vimiminika sanifu vya himoglobini. Lakini mstari huo angepaswa kuuchora hata kwa leza. Na kwa kuwa kilele cha 540 ni kipana, upana wa taa haugharimu sana. Kihisi cha pili kinaweza kuiokoa hata leza ya kijani, hilo likubaliwe, ila hakiwezi kuyaokoa macho, wala kuifanya fuwele ifanye kazi asubuhi yenye baridi.

Wafipa wa kale walijenga matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mtu wa kusukuma mvukuto. Mvukuto uliwekewa tanuru dogo la kusafishia chuma, ulikohitajika kweli. Mhandisi wa leo angeutambua uamuzi huo.

Kuichagua nuru ya LED mahali pa ile ya gharama si ukosefu wa hadhi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa sera ya kutaka hadubini za mng'ao zinazotumia taa za LED zichukue nafasi ya zile za kawaida katika kutafuta vimelea vya kifua kikuu. Taa za zebaki za hadubini za zamani ziliisha baada ya saa mia chache, zilihitaji chumba cha giza, na zilidai umeme usiokatika. LED ya buluu, ambayo ndiyo rangi ya auramini inayoihitaji ili ing'ae, hudumu kwa maelfu ya saa na hukubali kuendeshwa kwa betri. Kwa mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme ulionunuliwa Zambia, hiyo si faida ndogo. Kilichotangulia katika uamuzi ule ni rangi iliyomo katika kimelea, taa ikafuata.

Ziko kazi ambazo leza haina mbadala. Kuhesabu seli za CD4 ni mojawapo, kwa kuwa seli hupita moja moja mbele ya nuru, na nuru hiyo lazima ibanwe iwe nyembamba kama uzi. Mashine kubwa za awali zilitumia leza ya gesi ya argoni ya nanomita 488, yenye gharama, joto na ulaji mkubwa wa umeme. Kampuni ya Partec ya Ujerumani, ilipotengeneza mashine ndogo za CyFlow zilizotumiwa katika nchi nyingi za Afrika, ilichukua leza ya kijani ya 532, nyingine kabisa kwa ubora na ile ya mchuuzi, ikaioanisha na fikoeritrini, rangi itokanayo na mwani mwekundu, ambayo huipokea kijani vizuri. Leza na rangi vilichaguliwa pamoja. Hapo ndipo unafuu ulipopatikana, na hapo ndipo vyuo vinaweza kuiga.

Maana kuiga huko kunawezekana Sumbawanga kwa fedha kidogo sana. Leza nyekundu ya 650, isiyofaa kwa damu, inafaa mno kwa methilini buluu, rangi ambayo haikosekani katika maabara inayopaka makohozi kwa njia ya Ziehl-Neelsen, na ambayo hufyonza nuru kwa wingi karibu na 664. Mwalimu anayetaka kufundisha kanuni ya Beer na Lambert, bila sianidi na bila sampuli ya mtu, azimue methilini buluu mara kadhaa, aipitishie leza nyekundu isiyozidi miliwati 1, na amwache mwanafunzi aone mstari ulionyooka ukichoreka. Akiongeza rangi mno mstari utapinda, kwa sababu molekuli huanza kushikamana mbilimbili na kupendelea wimbi jingine, na kupinda huko ni somo jingine la bure. Leza nyekundu haina fuwele za kuhofia baridi. Hata ikichezea kwa nanomita chache, kinachopimwa kipo pale pale.

Wala mwanafunzi hana haja ya kuiamini lebo. CD ya zamani ina mifereji iliyopishana kwa mikromita 1.6. Leza ikipigwa wima juu ya CD iliyo mita 1 kutoka ukutani, ya 650 itatoa doa la pembeni sentimita 44 au 45 kutoka katikati, na ya 532 sentimita 35. Rula, ukuta na CD iliyokwaruzika vinatosha kumwonyesha kijana wa Namanyere kwamba anaweza kupima kitu kilicho chini ya sehemu elfu moja ya milimita. Kazi hiyo ifanywe leza ikiwa imefungwa mezani, chini ya usawa wa macho, na mwalimu akiwa chumbani.

Linalobaki ni fomu ya maombi ya manunuzi. Katika vyuo vingi fomu hiyo ina nafasi ya jina la kifaa, idadi na makadirio ya bei, na anayeijaza huandika "leza ya kijani" kisha akaipeleka kwa watu wa ugavi, ambao hawana budi kumpa kazi mzabuni wa bei ya chini. Hawajakosea, kwa maana hawakuambiwa zaidi. Mwalimu wa maabara aandike kwanza sampuli itakayopimwa na wimbi inalolifyonza, ndipo aandike chanzo cha nuru, nguvu yake kwa miliwati, na daraja lake la usalama. Kwa leza ya kijani adai kwa maandishi kichujio cha infraredi. Asipopata uthibitisho, aikatae. Na kwenye safu ya bei aweke pia vimiminika sanifu vya ulinganisho, ambavyo kwa kawaida husahauliwa, na ambavyo bila ya kuwepo chombo chochote, cha leza au cha LED, hakitaweza kumwambia mtu yeyote ana damu kiasi gani.